Giaboksi imekufa mara tatu, mume wangu anasema ni mguu wangu

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Iringa mjini, nina miaka 41, nina mume na watoto watatu. Naandika usiku huu wamelala wote, maana mchana sipati hata pa kukaa na mawazo yangu.

Mwaka 2022 nilinunua gari dogo la mtumba kutoka Japani, la otomatiki, kwa shilingi milioni 14.5. Sehemu ilikuwa akiba yangu, sehemu ni mkopo wa SACCOS ya walimu ambao nimemaliza kukatwa mwezi wa sita mwaka huu. Nakueleza hili ili unielewe: gari lile ni miaka mitatu ya kupokea mshahara uliomegwa kabla haujanifikia.

Miezi minane ya mwanzo lilinipa raha. Halafu asubuhi moja natoka Ipogolo kupanda mjini, kwenye kile kilima, nikasikia linatetemeka kama mtu mwenye homa. Nakanyaga mafuta, injini inalia, mshale wa RPM, ule wa mizunguko ya injini, unapanda, gari lenyewe linasota nyuma ya bajaji.

Mdogo wake mume wangu ni fundi, ana gereji hukohuko Ipogolo. Kwetu sisi gari halina fundi mwingine, ni baba mdogo wa watoto tu. Shemeji akasema oili ya giaboksi imechoka. Akaimwaga, akaweka oili nyekundu kutoka kwenye dumu lake, nikalipa 150,000. Likatulia karibu mwaka mzima.

Tatizo likarudi. Safari hii akasema giaboksi imekufa kabisa. Ikaagizwa ya mtumba kutoka Gerezani, Dar es Salaam. Pamoja na usafiri na ufundi nikatoa 2,050,000. Ikadumu miezi saba. Mtetemo uliporudi akafungua tena, akasema ni valvu bodi, ile sehemu inayogawa oili ndani ya giaboksi, 650,000. Hiyo niliilipa kwa pesa ya kikoba bila kumwambia mume wangu, kwa sababu kila nikitaja gari nyumbani panachafuka. Kikoba chetu kinavunjwa Desemba, na deni langu lazima liwe limerudi.

Sasa Mama, sikia la mwezi wa nane. Nilikwenda Dar kumchukua mama yangu, alikuwa kwa dada baada ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Tukatoka alfajiri, Morogoro tukapita salama, Mikumi salama, Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu. Tulipoanza kupanda Kitonga tukawa nyuma ya malori mawili yanayotambaa. Kona ya tatu au ya nne gari likaanza kutetemeka. Kona iliyofuata taa ya injini ikawaka, nakanyaga mafuta haliendi, linataka kurudi nyuma, na nyuma yangu kuna lori la mafuta. Nilivuta breki ya mkono nikapiga honi kama mwendawazimu. Utingo wa lile lori akashuka, akaweka jiwe nyuma ya tairi.

Mama yangu alikaa juu ya jiwe pembeni ya barabara kwa saa mbili, amevaa miwani myeusi aliyopewa hospitali, amejifunika kanga usoni kwa sababu ya vumbi, na daktari alikuwa amemkataza vumbi. Hakulalamika hata mara moja. Aliuliza tu, "Mwanangu, hili gari umelimaliza kulilipia?" Lilipopoa likakubali kwenda, tukapanda taratibu hadi juu na taa za hatari zikiwaka.

Nilipofika nyumbani mume wangu alisema: "Giaboksi tatu kwa dereva mmoja. Gari haina tatizo, tatizo ni mguu wako." Anasema ninakanyaga mafuta na breki kwa pamoja, kwamba wanawake hatujui magari ya otomatiki. Shemeji alikuwa amekaa palepale, akanyamaza. Wakati Jumamosi na Jumapili gari analichukua mume wangu mwenyewe kwenda shambani Kilolo, na linarudi na magunia ya viazi hadi kiti cha nyuma hakionekani. Tangu siku ile nikishika usukani viganja vinalowa jasho. Nami nimeanza kuamini kwamba shemeji ananila, maana kila tatizo likirudi yeye analipwa. Sasa ananitajia giaboksi nyingine, 2,200,000.

Nimeamua kuliuza. Dalali amelitazama, akaniambia bila aibu: "Mwalimu, mwonyeshe mteja asubuhi, gari ikiwa ya baridi. Mzungushe hapa mjini, usishuke naye Ipogolo." Na mteja amepatikana. Ni mwalimu mwenzangu, mjane, tunakaa meza moja ofisini. Yuko tayari kutoa milioni 9.5, na ameshaanza kujaza fomu za mkopo palepale nilipokopa mimi. Ananiambia, "Lako nalijua, linatunzwa." Mama, gari kweli linatunzwa. Naliosha mwenyewe, naliongezea maji kwenye rejeta kila wiki mbili, servisi ya injini sijaikosa hata mara moja.

Nikimwambia ukweli nitauza kwa hasara na kikoba sitakilipa. Nisipomwambia nitakaa naye vipi meza moja? Na nikitengeneza tena, nitamwambia nini mume wangu? Nimechoka. Nisaidie.

Mwalimu aliyechoka, Iringa


Jibu

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama pale kwenye lile jiwe la Kitonga, mama amejifunika kanga. Pole sana. Pole kwa pesa, na pole zaidi kwa ile sentensi uliyoambiwa ulipofika nyumbani, kabla hata hujapewa maji ya kunywa.

Nikusomee nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Umetoa 2,850,000 juu ya gari la milioni 14.5. Tatizo ni lilelile tangu siku ya kwanza: mtetemo, injini inalia, gari halivuti mlimani, na likipoa linakubali. Mume anasema ni wewe. Wewe moyoni unasema ni shemeji. Hakuna anayesema mbele ya mwenzake. Na sasa gari linaelekea kwa mtu wa nne ambaye hana habari, naye ameshaanza kujaza fomu.

Kuna jambo moja nimelitafuta kwenye barua yako sikulipata. Umelipia oili, umelipia giaboksi, umelipia valvu bodi. Hujaniambia siku hata moja ambayo mtu alilipwa kwa ajili ya kutafuta *kwa nini*. Hakuna mahali ulipoandika kwamba gari lilipimwa kwa mashine likiwa la moto, au mtu alipanda nalo kilima cha Ipogolo akiwa amekaa pembeni yako akitazama mshale. Inawezekana lilifanyika ukasahau kuandika. Kama halikufanyika, basi hata wewe, hata mume wako, hata mimi, hatuna bado haki ya kusema kosa ni la nani.

Kwa kuwa mimi si fundi, barua yako niliisoma kwa simu, bila jina wala mahali, kwa mtu ninayemwamini ambaye kazi yake ya kila siku ni giaboksi za otomatiki. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza maswali mawili: "Hiyo oili nyekundu ni ya aina gani?" na "Kwa nini rejeta inakunywa maji kila wiki mbili?"

Nikueleze alivyonieleza, kwa sababu naamini ukielewa hutatetemeka tena mbele ya mtu anayezungumza kifundi. Magari mengi madogo ya Japani yanayoingia kwetu siku hizi yana giaboksi ya CVT. Ndani yake hakuna zile gia za meno za kupanda moja, mbili, tatu. Kuna puli mbili na mkanda wa chuma unaopita katikati yake. Puli hupanuka na kubana, na mkanda hupanda na kushuka, ndiyo maana gari la namna hiyo huendeshwa bila kusikia likibadili gia. Kinachozibana zile puli ni mgandamizo wa oili. Kwa hiyo oili ya CVT inapoza, inalainisha, na papo hapo inatakiwa iuache mkanda ung'ang'anie puli bila kuteleza. Oili ya kawaida ya giaboksi za otomatiki, ambayo mara nyingi ni nyekundu, haikutengenezwa kwa kazi hiyo ya tatu. Ukiiweka humo, mkanda huanza kuteleza na kuzikwangua puli, na zile chenga za chuma huzunguka na oili hadi kwenye valvu bodi. Gari halifi siku hiyo. Linaweza kwenda miezi kadhaa kabla halijaanza kulalamika.

Angalia basi. Kama giaboksi yako ni CVT na dumu la shemeji lilikuwa na oili ya aina nyingine, huenda giaboksi ya pili ilipewa maradhi yaleyale ya ya kwanza siku ileile ilipofungwa. Nasema *kama*. Ziko oili za CVT zenye rangi mbalimbali, na rangi peke yake haihukumu. Jina la oili inayotakiwa limeandikwa kwenye kitabu cha gari, na kwenye magari mengi liko pia kwenye kijiti cha kupimia au karibu yake. Mwombe shemeji, kwa upole kabisa, akuonyeshe dumu lenyewe.

La pili ni maji. Kwenye magari mengi ya otomatiki oili ya giaboksi hupita ndani ya rejeta kwenda kupozwa. Rejeta ikiwa imeziba au inavuja, oili inachemka, na oili iliyochemka inakuwa nyepesi, haibani tena. Hapo ndipo gari linakwenda vizuri asubuhi, na linakataa Kitonga saa saba mchana nyuma ya malori yanayotambaa, pasipo upepo wa kuipoza rejeta. Ikitokea ukuta wa ndani umetoboka, maji huingia kwenye oili, na ukiichomoa unaikuta imekuwa kama maziwa yenye rangi ya waridi. Mwanangu, wewe umeandika "naliongezea maji" kama ushahidi kwamba unalitunza, na ni kweli unalitunza. Lakini gari lisilo na ugonjwa halitakiwi kuomba maji kila wiki mbili. Huenda lilikuwa linakuambia kitu muda wote huo, na hakuna aliyekufundisha kukisikia.

Yako na mengine: plagi zilizochoka na maunti za injini (zile raba zinazoishikilia) zilizokatika hutoa mtetemo unaofanana sana na wa giaboksi. Giaboksi ya mtumba nayo huja na historia yake, na nyingine zikishafungwa huhitaji kompyuta ya gari ipewe upya vipimo vyake, la sivyo hazitulii. Sitaki nikujaze. Ninachotaka uone ni kwamba mguu wako ni moja tu kati ya sababu nyingi, nao haujachunguzwa zaidi ya hizo nyingine.

Nizungumzie sasa huo mguu. Kuulizwa jinsi unavyoendesha si matusi, na nakuuliza mimi kama mama. Je, unaporudi nyuma kutoka getini unaingiza D, gia ya kwenda mbele, kabla gari halijasimama kabisa? Ukiwa kwenye mlima umesimama, unalishikilia kwa mafuta badala ya breki? Hayo huumiza giaboksi, na wengi wetu tunayafanya bila kujua. Kama yapo, yaache leo. Lakini mume wako naye aulizwe kuhusu magunia ya viazi, maana barabara za Kilolo ni kupanda na kushuka, na gari dogo lililoshindiliwa hadi kioo cha nyuma linafanya kazi ya pikapu. Waendeshaji ni wawili, na lawama ameibeba mmoja.

Hili la dereva kulaumiwa halikuanzia kwenu. Australia, mwaka 2018, Mahakama ya Shirikisho iliitoza kampuni ya Ford ya nchini humo faini ya dola milioni 10 za kwao. Ilikuwa ni kwa jinsi ilivyowashughulikia wateja waliolalamikia giaboksi iliyoitwa PowerShift, ya aina tofauti na yako. Wateja walikuwa wakisema gari linatetemeka, na mara nyingi walijibiwa kwamba mtetemo unatokana na jinsi wanavyoendesha, ilhali kampuni ilikuwa inajua kuna kasoro. Nimekutajia hayo kwa sababu umeanza kuiogopa mikono yako mwenyewe, na nilitaka ujue kwamba watu wazima wenye leseni za miaka mingi walifikishwa hapohapo, halafu ikaonekana kumbe walikuwa sahihi.

Kuhusu mume wako, nina wazo ambalo huenda halikukujia. Ukitafakari, siku ile sebuleni alikuwa na watu wawili wa kuchagua: mke wake na mdogo wake. Kama tatizo si mguu wako, swali linalofuata linaangukia gereji. Inawezekana alisema vile si kwa kuwa anaamini, bali kwa kuwa hakuwa tayari kumwaibisha mdogo wake mbele yako. Haimpi haki ya kukuumiza. Inakupa wewe njia ya kumfikia. Ukimwendea na "mdogo wako ananila," atasimama na damu yake. Ukimwendea na "tumetoa zaidi ya milioni mbili na hatujui ugonjwa, nisaidie tuujue," umemwita akae upande wako.

Na shemeji? Ulisema alinyamaza. Wewe umekisoma kile kimya kama cha mwizi. Mimi nimejiuliza kama hakikuwa kimya cha mtu ambaye amefika mwisho wa anachokijua na anaona haya kusema mbele ya kaka yake. Mafundi wetu wengi, na ninawaheshimu, walijifunzia kwenye Kenta na pikapu za gia za mkono, kwa macho na masikio, bila mtu kuwapeleka darasani. Magari haya ya mkanda na kompyuta yamewakuta kazini. Ukweli unaweza kuwa huo, au unaweza kuwa ule unaouogopa. Alama mojawapo ya kukusaidia ni hii: ukimwambia, "Shemeji, nataka gari lipimwe na mtu wa giaboksi tu, na ningependa uwepo, usikie kwa masikio yako," mtu asiye na la kuficha mara nyingi huona nafuu. Hujamhamisha kazi, hujamvunjia heshima kwa majirani zake wa gereji, na kama kuna la kujifunza atalichukua.

Sasa njia zilizo mbele yako. Hakuna hata moja isiyo na mwiba.

Ukifunga giaboksi nyingine ya mtumba bila kujua kilichoziua mbili za kwanza, nahofia tutaandikiana tena mwakani. Ukiamua kuifunga, basi iwe baada ya rejeta kukaguliwa, mabomba ya oili kusafishwa ili chenga za ile ya zamani zisiingie kwenye mpya, na oili kupimwa gari likiwa la moto, limesimama pa tambarare. Namba ya giaboksi ifanane na ya gari lako, na muda wa kuirudisha ikigoma uandikwe kwenye risiti. Muuzaji anayekataa kuandika amekupa jibu.

Unaweza kulipeleka gari kwa mtaalamu wa Dar. Hapo kuna gharama ya kulisafirisha, na ukisikia mtu anasema litavutwa kwa kamba, kataa. Gari la otomatiki likiburutwa matairi yake ya kuvuta yakiwa chini na injini imezimwa, pampu ya oili haifanyi kazi na giaboksi inajisaga ikiwa kavu. Lipandishwe juu ya lori.

Unaweza pia kuliegesha kwa miezi miwili, ukapanda daladala, ukapumua. Sijui umbali wa shule yako wala shida za watoto asubuhi, kwa hiyo hili naligusa tu na kulipita. Lakini uamuzi wa kuuza unaoufanya sasa unasukumwa na tarehe ya Desemba kuliko na gari lenyewe, na ningependa uvitenganishe.

Na kuuza. Dalali wako amekupa mbinu, na nina hakika umeisikia jinsi ilivyokaa vibaya tumboni, ndiyo maana umeniandikia. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inakuhesabu kuwa umedanganya ukificha kwa makusudi jambo unalolijua ili mwenzako akubali kununua, na aliyedanganywa anaweza kuomba mkataba uvunjwe. Mwenzako akipata giaboksi iliyokufa wiki ya pili, na shule nzima inajua shemeji wako alikuwa anaifungua, kumbukumbu za malipo zipo na mashahidi wapo. Lakini sidhani sheria ndiyo inayokunyima usingizi. Nadhani ni zile fomu. Unajua makato yale yanavyouma, ulikatwa miaka mitatu, naye hana mshahara wa pili nyumbani. Asubuhi atakayopanda kutoka Ipogolo gari likaanza homa, mtu wa kwanza atakayempigia simu kwa kumwamini ni wewe.

Wakati huohuo sitaki nikuambie kwamba ukweli hauna gharama. Ukimwambia, anaweza kuacha, na habari zikasambaa ofisini, ukabaki na gari lisilouzika mjini kwenu. Lakini lipo soko la gari lenye kasoro inayojulikana. Mafundi hununua, watu wa vipuri hununua, na hata yeye anaweza kusema, "Nipunguzie ya giaboksi, nitengeneze mwenyewe." Bei itashuka, labda sana. Kabla hujajua ugonjwa, hujui hata ishuke kiasi gani: kama ni rejeta na oili, huenda unataka kulitupa gari linalopona; kama puli zimekwanguka, ni hesabu nyingine kabisa. Kwa vyovyote, ningemwomba rafiki yako asitie saini fomu wiki hii. Mwambie tu kwamba kuna kitu unakipima kwanza. Hilo si uongo, wala si aibu.

Kikoba nacho. Wewe hukuiba, ulikopa kwa jina lako. Ila deni la siri ndani ya nyumba lina tabia ya kuzungumza lenyewe siku usiyoitaka. Mwanakikoba mmoja anakutana na mume wako sokoni, basi. Wengine katika hali yako huenda kwa mwenyekiti mapema wakaomba kulipa kwa hisa zao au kwa vipande. Wengine humwambia mume kwanza. Wewe ndiye unayeujua mlango wa mume wako na saa unapofunguka. Ningekuomba tu usimwambie siku ileile mnayozungumza giaboksi. Mambo mawili makubwa katika jioni moja yatagongana.

Kama ningekuwa jirani yako ningeanza na Jumamosi moja. Mwambie mume wako aahirishe viazi. Liwasheni gari, mzunguke nalo nusu saa hadi lipate moto, kisha mshuke Ipogolo na mpande, yeye akiwa kwenye usukani na wewe pembeni. Usiseme neno. Likitetemeka chini ya mguu wake, atalisikia kwenye magoti yake mwenyewe. Lisipotetemeka, basi nawe utakuwa umejua kitu, na utaniandikia tukitazame upya pamoja bila hasira.

Halafu mwanangu, umenieleza kila shilingi iliyotoka, lakini hukuniambia jicho la mama linaendeleaje. Lile vumbi la Kitonga halikumsumbua? Dawa ya matone anaendelea nayo? Kama hajarudi kliniki kuangaliwa, mpeleke kwa basi, gari lisubiri. Msalimie, mwambie nimeuliza.

Wako,
Mama Mshauri